Ufunguo wa Pili

Mimi ni fundi wa funguo, Mtaa wa Soko, Santa Eduvigis,
kibanda kilichokuwa kati ya duka la viatu na kinyozi.
Nasema kilichokuwa. Tope halikuuliza mipaka ya viwanja.

Miaka mitatu iliyopita walituletea king'ora.
Walikuja na utepe, na bendi ya shule, na mkasi mpya juu ya sahani.
Meya Abelardo Quiñones akakata, tukapiga makofi,
tukala kuku na viazi kwa gharama ya halmashauri.
King'ora kikapandishwa nguzoni,
chini yake kijumba cha zege, mlango wa chuma,
kufuli moja.

Karani akanijia, ufunguo mkononi:
"Fundi, tunataka nakala nne."
Nikamwambia bei, soli ishirini kwa zote.
Akasema lazima kwanza ipitie kamati.
Kamati ikapitia. Ikapitia tena. Mwaka ukapita juu yake.
Ankara ninayo hadi leo, imekauka tope pembeni,
tarakimu bado zasomeka.

Usiku ule wa Machi mvua ilinyesha milimani, si kwetu.
Kwetu nyota zilikuwepo.
Mto wetu hukaa mkavu miezi kumi, watoto huchezea kandanda humo.
Ulishuka saa nane na robo,
mawe yakigongana kama meno ya mwenye homa.

Wilder, mlinzi wa king'ora, alikuwa Lima, harusini kwa dada yake,
ufunguo katika mfuko wa suti ya kuazima.
Simu yake iliita mara kumi na moja.
Simlaumu. Nani hachezi kwenye harusi ya dada yake?

Vijana walivunja mlango kwa sululu. Dakika ishirini.
Kisha wakabonyeza, na king'ora kikalia,
kililia vizuri sana, hakikuwa na kasoro yoyote,
kililia juu ya mapaa yaliyokuwa yakielea.

Kumi na saba. Bi Saturnina wa mikate
alikuwa amerudi kuwafungulia nguruwe.

Siku ya tatu wakubwa wakafika, viatu vya mpira
vingali na lebo ya dukani. Meya akashika kipaza sauti:

*Mimi fedha nilitaka, gavana kazizuia,*
*Barua nikaandika, jibu halikunijia,*
*Lawama zikitajika, jina langu kulitia,*
*Ni dhuluma na dhihaka, mbingu zinashuhudia.*

Gavana akampokonya:

*Fedha zote nilitoa, meya ndiye kazilaza,*
*Mitambo ilipopoa, wizara ilinyamaza,*
*Mimi sina hata doa, mnaweza kuchunguza,*
*Aliyekwenda kwa ndoa, huyo ndiye kawaponza.*

Vina vilikaa sawa. Mizani haikupungua hata moja.
Nyuma yao mama mmoja alikuwa akiosha kiatu kimoja cha mtoto,
akikiosha, akikiosha.

Waziri hakushuka kwenye helikopta.
Alituma neno kwamba ni kazi ya Mungu.
Padri Teodomiro akakohoa, akatazama ardhi.

Sasa kuna tume. Mimi ni shahidi wa arobaini na moja.
Nitawaonyesha ankara.
Lakini lipo jambo ambalo ankara haisemi:
siku ile karani aliuacha ufunguo mezani kwangu
akaenda kunywa kahawa, akakaa mpaka adhuhuri.
Kipande cha shaba hunigharimu senti tu.
Mashine huchukua dakika nne.
Bi Saturnina alipita na kikapu chake, akanisalimu,
na mimi nilikuwa nimekunja mikono
nikisubiri kamati.

Jana karani amekuja hemani kwangu.
King'ora kina kufuli mpya.
"Nakala nne, fundi. Ila bei, unajua,
lazima kwanza ipitie..."
Nikauchukua ufunguo, nikawasha mashine,
kelele ikameza sentensi yake.

Nikakata tano.
Hakuhesabu.